Sidi wa Jumatano

Saa mbili kasorobo asubuhi Sidi alipanga vikombe sita kwenye sinia, kwa mpangilio wa meza: cha Bi Mirriam kwanza, kisha cha Mzee Chonga, cha Morgan, cha Dancan, cha Wendy, na mwisho chake mwenyewe, kilichokatika mkono. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, Mbaraki, juu ya ghala la magunia, na kazi yake ilikuwa kuwatolea watu mizigo yao bandarini Kilindini. Ilikuwa Ijumaa. Feni ilizunguka polepole na makaratasi yalilaliwa na vipande vya mawe ili yasipeperuke.

"Sidi, chai hii umeipika au umeiombea dua?" Morgan aliuliza. "Sukari i wapi?"

"Iko chini. Koroga."

"Nimekoroga mpaka kijiko chalia."

Wendy alicheka, na alipocheka Dancan aliinua kichwa. Sidi aliona Wendy akicheka, akaona na kichwa cha Dancan kikiinuka, akaenda kuketi kwenye meza yake iliyokuwa kando ya birika.

Alikuwa amekuja hapo miaka tisa iliyopita kufagia na kupika chai. Mwaka wa tatu karani mmoja aliugua, na Bi Mirriam, aliyekuwa meneja, akamwambia akae kwenye kompyuta ya karani huyo kwa siku mbili, aingize nambari za makontena. Siku mbili hizo hazikuisha. Ufagio nao haukuondoka mkononi mwake. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Lilikuwa kwenye daftari la vibarua, ambalo lilikaa kwa bawabu chini.

Kila kontena lina herufi nne na tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho, peke yake ndani ya kisanduku. Hiyo ya mwisho hupatikana kwa hesabu ndefu ya zile zilizotangulia, na ikikataa basi mahali fulani pana kosa. Sidi hakuijua hesabu hiyo. Aliacha shule akiwa darasa la sita, mama yake alipoanza kuumwa kifua. Lakini aliitazama nambari na kujua kama ni mbovu, kama unavyomjua mtu mwenye mguu mbaya akiwa bado mbali. "Hii yachechemea," alikuwa akisema kwa sauti ya chini, na walipoikagua walikuta kosa. Hakuwahi kukosea hata mara moja.

Mzee Chonga alikuwa astaafu Ijumaa iliyofuata. Meza yake ilikuwa ya dirishani, meza ambayo kila nambari ilipita kwa mara ya mwisho kabla karatasi hazijakwenda forodhani. Mwezi wa tatu, wakiwa kwenye ngazi, Bi Mirriam alikuwa amemwambia Sidi, "Chonga akiondoka, kile kiti hakina mwingine wa kukikalia ila wewe. Nani mwengine aziona nambari?" Kisha simu ya Bi Mirriam ikalia na akaendelea kupanda. Sidi aliyatunza maneno hayo. Aliyatoa kila jioni akayatazama, akayarudisha.

Shida yake moja ilikuwa Wendy. Wendy alikuja Januari kutoka Nakuru, na stashahada ya mambo ya usafirishaji, akapanga chumba Mji wa Kale kwa jamaa ya Bi Mirriam. Alikuwa na kadi ya mlango yenye picha yake; Sidi hupiga kengele na kungoja. Alikuwa na kiti cha kuzunguka. Alikuwa na jozi nne za viatu, na vile vya vifungo vilikuwa vya Alhamisi. Bi Mirriam alipomwita alimwita kwa jina lake, na alipomwita Sidi alisema "hebu wewe". Sidi alijua mambo mengi kumhusu Wendy ambayo Wendy mwenyewe hakuyajua, kama vile chai yake hupoa baada ya dakika ngapi akiongea. Wendy hakuwa mbaya. Alimsalimia Sidi vizuri, mara nyingine alimletea mahamri ya Kibokoni yaliyofungwa kwenye gazeti, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana mtu mbaya angekuwa rahisi. Sidi aliyala mahamri yale yote.

Ijumaa hiyo alasiri Dancan alipandisha toleo la Nyapara.

Nyapara ni jina waliloipa programu iliyozifanya kompyuta zote sita za ofisi zifanane. Dancan, mtunza mashine, alikuwa ameandika kwenye faili moja jinsi kompyuta inavyopaswa kuwa, na kila nusu saa Nyapara alipita kila meza akaangalia. Akikuta mtu amebadilisha kitu, alikirudisha. Morgan aliwahi kuweka picha ya timu yake kwenye kioo. Nusu saa baadaye ilikuwa imetoka, akairudisha, ikatoka tena, mpaka akachoka yeye kabla ya Nyapara.

Toleo la nne lilikuwa limezeeka na waliolitengeneza walikuwa hawalishughulikii tena. Dancan akaleta la saba. Lilikuja na maelezo ya mabadiliko, kurasa arubaini na moja. Alisoma tatu, kwa kuwa ilikuwa saa kumi na alikuwa na mechi saa kumi na moja. Toleo jipya lilimuuliza swali moja: kompyuta ipi iwe mfano wa nyingine zote? Dancan alichagua ile ya kando ya birika, kwa sababu katika miaka yote haikuwahi kuharibika. Akabonyeza, akafunga dirisha, akaenda zake.

Katika ukurasa wa thelathini na nane palikuwa pameandikwa wazi: *Kuanzia toleo hili, meza na anayeikalia huhesabiwa kuwa kitu kimoja.*

*

Jumatatu saa moja asubuhi Sidi alipiga kengele, na mlango ukafunguliwa na Bi Mirriam mwenye ufagio mkononi. Ndani, Mzee Chonga alikuwa akikwangua tangawizi. Morgan alikuwa amesimama nyuma yake akingoja, naye ana tangawizi yake kwenye mfuko wa shati. Dancan alikuwa akisuuza vikombe. Wendy alikuwa amevipanga vingine kwenye sinia, kwa mpangilio wa meza, na kile kilichokatika mkono amejiwekea mwenyewe.

"Umechelewa," Mzee Chonga alisema.

"Sijachelewa, mzee. Ni saa moja."

"Basi sisi tumewahi."

Chai ilikuwa na ladha ya chai ya Sidi, sukari ikiwa chini. Hakuna aliyelalamika. Walikunywa, wakaketi, wakaanza kazi, na ofisi ilikuwa kimya kuliko siku zote, kwa kuwa Sidi hakuwa mtu wa kelele. Bi Mirriam, ambaye zamani sauti yake ilifika kabla yake kutoka ngazini, aliandika alichotaka kwenye vipande vya karatasi na kuviacha pembeni mwa meza za watu bila kuwatazama usoni.

Saa tatu na nusu Nyapara alipita. Ukimwangalia mtu vizuri ungemwona akinyooka kidogo, kama aliyerekebishwa kola. Baada ya hapo Wendy aliinamia karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Hii yachechemea," alisema kwa sauti ya chini.

Sidi alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga.

"Na hii," Morgan alisema upande wa pili.

"Na hii hapa," alisema Mzee Chonga, aliyekuwa amezikagua nambari kwa kikokotoo kwa miaka thelathini na moja. Alikitazama kikokotoo, akakitia kwenye droo.

Dancan ndiye aliyetafuta sababu. Alisoma maelezo yote hadi ukurasa wa thelathini na nane, akaenda kumwonyesha Bi Mirriam, naye akasoma na kutikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba feni mpya inazungukia kushoto. Hakuna nambari mbovu hata moja iliyotoka ofisini siku hiyo. Jioni mzigo wa vigae uliokuwa umekwama wiki mbili ulitoka bandarini.

*

Sidi na mama yake walikaa Majengo, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Alfajiri ya Jumanne mama alikohoa na Sidi akaamka kumpa maji ya moto. Saa hiyo hiyo Morgan aliamka kwake Changamwe, Dancan kwake Tudor, Mzee Chonga ubavuni mwa mkewe, Bi Mirriam ndani ya chandarua chake, na Wendy katika chumba chake cha Mji wa Kale, kila mmoja akanyoosha mkono gizani kutafuta birika. Ofisini walipiga miayo wote.

"Mama vipi?" Morgan alimuuliza Sidi.

"Amekohoa mara nne."

"Mara tano," alisema Dancan. "Ya tano ulikuwa umeshalala."

Jioni yake Sidi alipofika nyumbani alikuta viatu mlangoni, na miongoni mwake jozi nyeusi ya Wendy. Wote watano walikuwa ndani. Miguu ilikuwa imewaleta. Mzee Chonga alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Bi Mirriam alikuwa akichambua mchicha, na Wendy alikuwa kitandani kwa mama, anamsugua mgongo kwa mafuta ya mkaratusi, kwa mviringo, kutoka chini kwenda juu, kama Sidi alivyomsugua kwa miaka kumi na mitatu.

Mama alimtazama Sidi pale mlangoni. Macho yake hayakuwa mazuri tena.

"Leo mmerudi wengi," alisema.

"Ni wenzangu wa kazini, mama."

"Wanangu ni wanangu. Keti." Kisha akageuka. "Huyu ana mkono mwepesi. Endelea, mwanangu, hapo hapo."

Wendy aliendelea hapo hapo. Alikuwa amekuja na mahamri, na mama alikuwa ameshakula mawili, yeye ambaye kwa Sidi alikuwa akimaliza nusu kwa kubembelezwa. Sidi alisimama akiwa ameshika mfuko wake wa unga. Kadi ya mlango angeweza kuivumilia. Kiti cha kuzunguka angeweza kukivumilia. Alikaa juu ya mfuko wa unga, pasipokuwa na nafasi nyingine, na akauangalia ule mkono ukizunguka kwenye mgongo wa mama yake mpaka adhana ya magharibi, ambapo wageni waliaga mmoja mmoja na kurudi makwao.

"Yule mwenye mkono mwepesi," mama alisema baadaye, "ni yupi katika nyinyi?"

"Ni mimi," Sidi alisema.

"Haya," mama akasema.

*

Jumatano Sidi alikwenda kwenye meza ya Dancan. Alisimama pale dakika kadhaa, na Dancan, aliyekuwa na haya zile zile, alizidi kuinama juu ya kibodi.

"Nataka urudishe lile la zamani," Sidi alisema mwishowe.

"Toleo la nne?"

"Kabla ya Ijumaa. Mzee Chonga aondoka Ijumaa. Ikiwa wote waziona nambari, mimi nina nini?"

Dancan alielewa vizuri sana. Tangu Jumatatu alikuwa akiwaza jambo hilo hilo na kuona linamhusu yeye. "Kurudisha kwataka sahihi ya Bi Mirriam," alisema.

"Kamuombe."

"Kamuombe wewe."

"Mimi siwezi."

"Basi na mimi siwezi."

Wakaenda wote wawili. Bi Mirriam aliwaona mlangoni pake akainamisha macho. Walisimama, naye alikaa, na watu watatu waliitazama sakafu ile mpaka wakaijua. Karani wa kampuni jirani aliyekuja kuazima wino alidhani wamefiwa, akatoa pole. Walitoka bila neno kusemwa. Baada ya saa moja palikuwa na kipande cha karatasi kwenye meza ya Sidi: *Siku tatu bila kosa hata moja. Mashine ni za kampuni na kilichomo kwenye mashine ni cha kampuni. Toleo libaki. Samahani, mwanangu. M.*

Saa kumi alasiri, Mzee Chonga alipokwenda msalani, Wendy aliinuka akaenda dirishani. Alikishika kile kiti mgongoni kwanza. Kisha akaketi, taratibu, ukingoni, kama mtu anayejaribu kitu kisichokuwa chake. Kutoka hapo kreni zilionekana zikiinua makontena na hata nambari zake zilisomeka. Wendy aliziangalia midomo yake ikicheza.

Sidi alimwona kupitia mvuke wa birika. Kilichomjia hakikuwa hasira. Kilikuwa kitu chembamba na kirefu kilichoanzia chini ya mbavu na kupanda, na alijua kwamba ni wivu, maana alikuwa ameishi nao tangu Januari, ila hakuwahi kuuona ukiwa umesimama wima. Mzee Chonga alirudi, Wendy akaondoka kitini mbio akiomba radhi. Saa kumi na nusu Nyapara alipita.

Kila mtu ofisini alimgeukia Wendy na kumtazama. Wendy naye alijitazama, kwenye kioo cha dirisha, kwa jicho baya.

*

Siku ya tano ya kazi tangu Nyapara mpya, yaani Alhamisi, Sidi alifika na wazo. Wengine walikuwa nakala yake. Yeye hakuwa nakala ya mtu. Akibadilika yeye, watabadilika wote. Akikosea yeye, watakosea.

Saa mbili na robo alichukua nambari ya kontena la betri za magari. Ilikuwa nzima, imesimama sawa. Akabadilisha tarakimu mbili za katikati, ya tatu ikawa ya nne na ya nne ikawa ya tatu. Katika miaka sita ilikuwa mara yake ya kwanza, na aliitazama mara mbili kabla ya kuipitisha. Kisha akafanya ya pili, akaitazama mara moja. Kufikia ya kumi alikuwa akifanya bila kutazama.

Saa mbili na nusu Nyapara alipita.

Mpaka adhuhuri nambari mia moja na nne zilikuwa zimeingizwa, zote zikiwa na tarakimu mbili zilizobadilishana mahali, na Mzee Chonga alizipitisha zote huku akiona fahari. Bandarini malori kumi na saba yalirudishwa langoni. Dereva mmoja alipanda ngazi akiwa amevua shati, akitaka kujua nani amempeleka kuchukua betri akapewa samaki.

"Samaki wa kopo au wabichi?" Morgan aliuliza.

"Wewe wanicheza?"

"Hapana. Nauliza nijue nambari ilikwenda wapi."

Bi Mirriam alimwandikia Sidi karatasi ya kumwita, akaificha, akaja mwenyewe. Alikaa kando ya birika kwenye kiti cha plastiki.

"Ni wewe?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Ni mimi, Bi Mirriam."

"Nilijua. Hata mimi asubuhi nikioga niliwaza hivyo hivyo, kuzipindua zote, nimwone akaaye pale dirishani atafanyaje." Alipangusa kitu kwenye sketi yake ambacho hakikuwepo. "Tofauti ni kwamba meza yangu si mfano."

"Nifukuze, basi."

"Kibarua hafukuzwi. Huambiwa asije kesho. Na wewe kesho uje."

Kisha alimwita Dancan. Ilikuwepo njia. Kila jioni Nyapara alihifadhi nakala ya meza ya mfano, na nakala hizo zilikuwa nne, ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano, na ya Ijumaa iliyopita, ambayo haikuwa kamili kwa kuwa Dancan aliondoka mapema. Waliamua kuchukua ya karibuni isiyo na makosa. Dancan alifunga faili kwenye nakala ya Jumatano jioni, na kuanzia hapo kompyuta ya kando ya birika haikuwa mfano tena bali meza kama nyingine. Mfano ulikuwa ndani ya faili.

"Itauma?" Sidi aliuliza.

"Sijui," Dancan alisema. "Sisi haikutuuma."

Saa tisa Nyapara alipita, na kwa mara ya kwanza alisimama na kwa Sidi. Aliona kama mtu amemshika mabega kwa nyuma, akamweka sawa. Hakusahau kitu. Aliyakumbuka malori, na dereva, na jinsi mkono ulivyozoea. Moyo tu ndio uliorudi Jumatano saa kumi na nusu, ukakuta kile kitu chembamba kimesimama palepale chini ya mbavu, ukakaa nacho. Alichukua nambari iliyofuata, akataka kuipindua, na hakuweza. Akaiingiza ilivyo.

*

Ijumaa Mzee Chonga aliagwa kwa keki na soda. Alisimama kutoa hotuba, akaona haya, akaketi. Walimpigia makofi.

Kisha Bi Mirriam akaenda ukutani na kubandika karatasi, kwa kuwa hakuweza kulitamka. Iliandikwa kwamba kuanzia Jumatatu meza ya dirishani itakaliwa na Wendy, aliyetimiza masharti ya elimu. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba kampuni inamshukuru kila aliyechangia ubora wa kazi katika wiki hii.

Waliisoma wote wakiwa wamesimama pamoja, sahani za keki mikononi. Kila mmoja aliisoma mara mbili. Kila mmoja alikumbuka ngazi, na mwezi wa tatu, na maneno aliyoambiwa pale, na jinsi alivyoyatoa kila jioni na kuyatazama. Dancan alikwenda kusimama karibu na feni. Bi Mirriam, aliyeandika karatasi ile kwa mkono wake, aliisoma kama aliyesomewa hukumu, akajua kwamba ni dhuluma na kwamba amefanyiwa yeye. Ila masharti ya elimu yalikuwepo, yameandikwa, na Sidi hakuwa mtu wa kubishana na kilichoandikwa. Hata kama Sidi mwenyewe ndiye angekuwa meneja, asingethubutu kumpa Sidi kiti kile.

Ofisini mlikuwa na watu sita waliolijua kosa hilo kama walijuavyo jino bovu. Mmoja tu angesema, wengine watano wangemuunga mkono. Walingoja. Sidi hakuwahi kusema, kwa hiyo hakuna aliyesema. Walimaliza keki, wakaosha sahani, na kwa sababu kila mmoja alitaka kuziosha yeye, ilichukua muda mrefu.

*

Miezi minne imepita. Kampuni imepata wateja wapya, wawili wao kutoka ng'ambo, na Bi Mirriam ameandika barua ya kuipongeza idara ya kompyuta, ambayo ni Dancan. Baada ya Mzee Chonga kuondoka alikuja karani mpya, kijana aitwaye Sufyan, mcheshi sana alipofika saa mbili. Saa mbili na nusu alinyamaza, akauliza ufagio uko wapi.

Mzee Chonga yuko nyumbani kwake na hakuna Nyapara wa kumpitia, kwa hiyo amekuwa tena Mzee Chonga. Anasema kitu kimoja tu hakikumtoka: kila akikutana na Wendy barabarani humwamkia vizuri, kisha kitu humchoma chini ya mbavu.

Mama yake Sidi amepata nafuu. Jioni watu hupokezana, na kwa kuwa hampambanui mmoja na mwengine, huwaita wote Sidi. Akitaka yule mwenye mkono mwepesi husema "Sidi, wewe," na Wendy huitika.

Wiki iliyopita, Jumanne, kabla ya saa nne, Wendy aliinuka kwenye meza ya dirishani, akaja mpaka kwenye birika. Amevaa viatu vya chini siku hizi. Sidi alimmiminia chai, akajimiminia na yeye, wakasimama.

"Dada Sidi," Wendy alisema. "Kile kiti kilikuwa changu."

"Najua."

"Niliahidiwa. Kwenye ngazi."

"Mwezi wa tatu," Sidi alisema.

"Miaka tisa nimefagia hapa." Wendy aliinua kikombe, akakishusha bila kunywa. Macho yake yalikuwa dirishani, kwenye kiti kilichokuwa kitupu, kikizunguka polepole bado kwa kuwa alikuwa ametoka sasa hivi. "Kwani wamempa nani?"

"Wamekupa wewe."

Wendy alikitazama tena kile kiti.

"Yule?" alisema. "Hata nambari hazioni."

"Sasa aziona," Sidi alisema.

"Zangu."

"Ndiyo. Zako."

Walikunywa chai. Morgan, aliyekuwa amesikia yote, aliinamia karatasi zake akifuta pua. Bi Mirriam alifunga mlango wake pole pole. Saa nne ilifika, Nyapara akapita, akawaweka wote sawa mabegani, na Wendy akarudi kuketi mahali alipopokonywa.